Walioacha Sigara kwa Siku Moja Wafungwe

Kuna watu wanafaa kuwa ndani na bado wanatembea huku nje wakisalimia watu. Sisemi wezi wa simu. Sisemi landilodi, wa kwangu ana kesi yake na Mungu. Nasema hawa walioacha sigara kwa siku moja. Unampata kwa kioski asubuhi, amevaa kandambili, ananunua maziwa, kifua mbele. Hujamwuliza kitu. "Mimi bana, niliamka tu Jumatatu nikasema basi." Halafu ananyamaza. Anakuangalia. Anangoja umwulize siri. Nawe unamwuliza, maana huna haya. "Ni kuamua tu, jirani."

Kuamua! Mimi nimeamua mpaka nikachoka kuamua. Nimeamua mwaka mpya. Nimeamua Kwaresima, na Ramadhani pia nikaamua, ingawa si mfungo wangu. Nimeamua nikiwa nimeshika fegi mkononi, ndiyo uamuzi utoke na nguvu. Kama ni kuamua, hakuna mtu kwenye ploti yetu ameamua kunishinda.

Anayeniuma zaidi ni jirani wa mlango wa pili, kwa sababu tulianza pamoja. Kioski kile kile, moja moja, pale sheria ya tumbaku ya 2007 inaposema pakiti isiuzwe ikiwa na chini ya sigara kumi. Mwenye kioski hajaisoma hiyo sheria na si mimi nitamsomea. Nikimsomea nitanunua wapi? Jirani alikuwa na tabia moja ya ajabu. Alivuta nusu, akazima, akaweka kipisi nyuma ya sikio, akamalizia jioni. Mimi nilimhurumia. Nilidhani ni umaskini. Siku aliyoacha hakutoa hata jasho. Haukupita muda mashavu yakajaa, mke wake akaanza kuimba jikoni. Ukuta wetu ni mwembamba. Mama watoto alisikia wimbo wote mpaka kiitikio. Yeye hakuimba. Aliniangalia tu.

Basi nikahamia vepu.

Hilo wazo si langu, mimi sina mawazo. Ni la mtoto wa dada yangu, yuko chuo, anajua vitu. "Anko, sigara ni mambo ya zamani. Kinachoua watu hasa ni ule moshi wa kitu kilichochomwa. Lami. Kaboni monoksidi. Hii haichomi, inapasha kimiminika moto tu, unavuta mvuke. Si salama kabisa, lakini ni nafuu." Mimi nilisikia neno "nafuu" nikajua anazungumzia bei. Tukaenda duka moja mjini, vioo kila mahali, taa za buluu, kijana wa kuuza ana hereni mbili kwa sikio moja. Nafuu yenyewe ilikuwa kuku wawili wa kienyeji, wazima, wenye miguu. Nikapewa kidude cha pinki, chenye kioo kidogo cha kuonyesha betri. Nikauliza kama kuna nyeusi. "Nyeusi zimeisha, mzee. Hii ni ya embe."

Kijana akaniuliza nataka nguvu gani. Nikamwuliza ziko gani. Akasema ya wengi ni asilimia tano. Sasa mimi ni mtu wa stoo ya vifaa vya ujenzi, hesabu nazijua. Tano ni nini? VAT ni kumi na sita na tunaimeza kila siku bila kukohoa. Nikacheka. Nikamwambia, "Kijana, unaona mvi hizi? Huna ya juu ya hapo?" Akasema hana. Nikachukua hiyo tano kwa shingo upande.

Asilimia tano, ndugu yangu, ni miligramu hamsini za nikotini kwa kila mililita moja. Umoja wa Ulaya sheria yao inaishia ishirini. Na sigara nzima, ukiivuta mpaka ikuunguze kidole, mwili unaambulia kama miligramu moja hivi. Hayo yote niliambiwa baadaye, nikiwa nimekaa ukingoni mwa barabara, koti nimevua. Kwa sababu nilipanda matatu na kile kidude nikakivuta kwa kujificha, kwa bidii ile ile ya fegi, mashavu yakiingia ndani, bila kupumzika. Hakuna aliyenusa kitu ila embe. Kwikwi ilianza tukipita Muthurwa. Ikaja jasho baridi. Halafu matatu ikaanza kuzunguka, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nazunguka nayo. Makanga akaniinamia: "Mzee, hiyo mimba ni ya miezi mingapi?" Gari zima likacheka, mpaka dereva. Mama mmoja akatoa ndimu kwenye kikapu chake akanipa, akakataa pesa. Nilishuka kituo ambacho si changu.

Ungedhani aibu inaishia hapo. Hapana.

Mjini kuna zile sehemu walizotengewa watu wetu, maana kuvuta hadharani kwingine ni faini mpaka shilingi 50,000, au miezi sita, au vyote viwili ukipata hakimu aliyeamka vibaya. Nasimama pale na pinki yangu. Anakuja mtu, fegi mdomoni. "Mzee, nisaidie moto." Sina moto. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa na kiberiti pale, watu walinijua kwa kiberiti. Nampa pole. Ananitazama mkono, anatazama lile wingu langu linalonukia matunda, anasogea pembeni. Mtu ambaye mwenyewe amefungiwa kwenye kizimba ananibagua mimi!

Nyumbani mama watoto anafungua mlango, ananusa. "Nani amekula chingamu humu ndani?" Shati langu jeupe la harusi za watu limepata doa la ukubwa wa sahani, kidude kilivuja mfukoni katikati ya kikao cha kuchangisha pesa, mweka hazina akadhani natokwa na maziwa. Na mwanangu mdogo akakibeba shule akidhani ni hailaita. Nikaitwa. Nikakalishwa kwenye kiti cha darasa la pili, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu, msichana ambaye ningeweza kumzaa, akanieleza taratibu kwamba hizo rangi na hizo ladha za peremende ndizo zinazowavuta watoto, na nikotini inaharibu ubongo unaokua. Nikamwambia hata mimi nilitaka nyeusi. Akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili, na hakuna aliyenionya. Sigara ina mwisho. Unawasha, unavuta mara kumi hivi, moto unafika kwenye kichungi, unatupa kipisi, unarudi kazini. Hata kama hutaki kurudi, fegi imeisha, utafanyaje? Hiki kidude hakiishi. Hakikuambii toka. Navuta nikihesabu misumari, navuta nikijibu simu, navuta nikiwa bafuni na sabuni usoni. Zamani nilikuwa mtu anayevuta sigara mara kwa mara. Sasa mimi ni mtu anayevuta, nukta. Bosi wangu, ambaye mwenyewe anavuta fegi, na mlinzi wa getini anavuta, na mhasibu anavuta akilia kila mwisho wa mwezi, huyo bosi siku moja akaniambia, "Wewe sasa umezidi."

Na usingizi ukaniacha. Zile wiki nilizokaa bila fegi kabisa, nikiwa na vepu tu, moyo unanidunda saa nane za usiku, mikono inatetemeka, nahesabu mabati ya paa. Nikajua jirani ameniroga. Nikaenda kwa klinikal ofisa mstaafu aliyefungua kliniki hapo chini ya ploti, kando ya duka la M-Pesa. Mzee wa miwani, hana haraka na mtu. Nikamwambia nimerogwa. Akaniuliza nakunywa chai ngapi. Nikamwambia ya kawaida tu, strungi, kikombe kikianza kupoa naongeza.

Kumbe, sikiza hii. Moshi wa sigara hulichochea ini liondoe kafeini haraka, karibu mara mbili ya kawaida. Si nikotini inayofanya hivyo, ni ule moshi wenyewe. Ukiacha moshi, ini linarudia mwendo wake wa zamani, na chai ile ile uliyozoea inakukalia mwilini mpaka usiku. Mtu anaacha sigara, anatetemeka, anasema ni kiu ya sigara, anarudi kwa fegi mbio. Na nusu ya mtetemeko ilikuwa chai! Nikamwuliza kwa nini jirani yangu hakutetemeka. "Anakunywa nini?" Anakunywa uji. Tangu zamani anakunywa uji. Mtu ameshinda vita kwa uji na anatembea kifua mbele.

Halafu mzee akatoa karatasi ya maswali. Alisema ni mtihani uliotokana na kazi ya Mswidi mmoja, Karl Fagerström, aliyetunga wa kwanza mwaka 1978, ukaja kurekebishwa mwaka 1991. Maswali sita tu. La kwanza: ukishaamka, inapita muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Nikamwuliza, kuamka ni kufungua macho au ni kushuka kitandani? Akaandika alama tatu bila kuinua kichwa. Ndani ya dakika tano ndiyo alama za juu kabisa. La pili: unapata shida kujizuia pasiporuhusiwa? Nikamsimulia mazishi ya shangazi. Moja. Ipi itakuuma zaidi kuiacha? Ya asubuhi. Moja. Unavuta zaidi saa za asubuhi kuliko kutwa nzima? Moja. Unavuta hata ukiwa mgonjwa kitandani? Nikamwambia hapo ndipo navuta vizuri, nina nafasi. Moja. Pakiti nzima kwa siku, ambayo mimi nilidhani ndiyo swali la wakubwa, ikaniletea alama moja tu.

Nane kwa kumi. Ndugu yangu, tangu darasa la tatu sijapata nane kwa kumi. Nikauliza kama kuna cheti. Akasema maana yake ni kwamba nimefungwa sawasawa, na kwamba lile swali la asubuhi linasema mengi kuliko maswali mengine yote. Nikamwambia jirani yangu alikuwa anaanza saa nne, tena akishakula, na kazi yake ni kupakia mitungi ya gesi, mchana kutwa hathubutu hata kutamka neno kiberiti. Mzee akatingisha kichwa. "Huyo hakuwa na mzigo wako. Alikuwa na mzigo mwingine, mdogo."

Ndipo akaja kwenye ini.

Nikotini ukiivuta inafika kichwani ndani ya sekunde kumi mpaka ishirini. Haraka kuliko sindano ya mkononi. Ubongo unafurahi. Halafu ini linaanza kuiondoa, na kwa kawaida baada ya saa mbili hivi nusu imekwenda. Anayefanya hiyo kazi ni kimeng'enya kimoja, kinaitwa CYP2A6, utadhani ni namba ya gari. Sasa, watu hawakugawiwa sawa. Kuna aliyezaliwa na ini la mbio: fegi ikizimika tu, damu imebaki tupu, anatafuta nyingine. Kuna aliyezaliwa na ini la pole pole: moja inamkalia, anavuta chache, anaweza hata kuzima nusu akaweka nyuma ya sikio. Na huyo wa pole pole, mara nyingi, kuacha kwake huwa rahisi zaidi. Ongeza hapo chembe za urithi, msongo, pombe, marafiki, kazi, mke anayeimba au asiyeimba. Kila mtu anaingia ulingoni na uzito wake, halafu mwamuzi anapiga kengele moja kwa wote.

Mimi nilisikia jambo moja tu. Jirani ana ini la uvivu.

Mzee akaniambia ngoja, hajampima mtu yeyote, tena si jambo la kupima hapo kliniki. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Miaka yote hii nimedharauliwa na ini la uvivu! Akanikalisha. Akasema Uingereza waliwahi kuwachukua wavutaji 886 waliotaka kuacha, wengine wakapewa vepu, wengine viraka na chingamu za nikotini na vitu vya aina hiyo, wote wakiwa na mtu wa kuwashauri. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa vepu, 18 kwa mia walikuwa wameacha sigara. Wale wengine, 9.9 kwa mia. Nikapiga meza. Pinki oyee! Akasema tena ngoja. Kati ya wale waliofaulu kwa vepu, 80 kwa mia walikuwa bado wanavuta hiyo vepu yenyewe. Nikanyamaza. Nikapiga hesabu ya stoo. Hata kwenye kundi bora, 82 kati ya mia hawakuacha. Hao ndio watu wangu. Tunajaza matatu mbili na wengine wananing'inia mlangoni. Lakini kwa kioski utakutana na wale 18 tu, kwa sababu ndio wanaojisimamisha katikati ya njia.

Na hata serikali hazijakubaliana kuhusu mtu wa aina yangu. Uingereza mwaka 2023 walitangaza mpango wa kuwagawia wavutaji mpaka milioni moja vifaa vya vepu, bure, ili waache sigara. Bure! Na mimi nimeuza kuku. Sasa vuka hapo Busia tu. Uganda, sheria yao ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza vitu hivi. Niliambiwa nikiwa tayari kwenye foleni, nikielekea harusi Jinja, na aliyeniambia ni abiria wa nyuma aliyenusa embe. Nikatoka foleni mbio. Nikamwachia pinki mama mmoja wa chai upande wetu, akaifunga kwenye leso, akaiweka kifuani na pesa zake. Upande wa pili kitu cha kwanza nilichoona ni kijana anauza sigara, halali kabisa, anatabasamu. Ungefanyaje? Harusi ile sikumbuki keki. Nakumbuka moshi. Niliporudi, mama wa chai alikuwa ameionja. Alisema ni tamu, lakini haishibishi.

Halafu watu wananiambia nimwige aliyeianzisha vepu. Nikauliza ni nani. Ni mfamasia wa China, Hon Lik, aliyeitengeneza mwaka 2003, mvutaji mkubwa, baba yake aliuawa na saratani ya mapafu. Nikasema huyu ndiye kiongozi wetu, yeye aliachaje? Kumbe miaka kumi baadaye alikuwa akiwaambia waandishi wa habari kwamba anatumia zote mbili. Mwenye kiwanda cha mkate na yeye ananunua maandazi kwa jirani! Nilimpenda hapo hapo.

Mzee wa kliniki ananipigia kelele kuhusu hilo. Anasema kuchanganya ndiko kubaya, kwamba hata fegi chache kwa siku bado zinaugonga moyo, kwa hiyo kama ni vepu iwe vepu peke yake. Halafu nishuke: kutoka tano kwenda mbili, kisha kwenda chini zaidi. Niiweke kabatini usiku, nisiiguse kabla ya chai, na chai yenyewe nikate nusu. Anasema wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, hasira, njaa, hata choo kinagoma, halafu mambo yanalegea mwezi ukikaribia kwisha. Nikaenda kule dukani kuulizia asilimia mbili. Kijana wa hereni akacheka. "Mzee, mbili haina wateja. Imebaki moja, ya waridi." Sasa mimi nanukia maua.

Kuhusu jirani, nilimwambia ukweli. Alinikuta kwa kioski, akaanza, "Ni kuamua tu." Nikamkata. Nikamwambia, mbele ya watu, "Wewe hukuamua chochote. Wewe una tatizo la ini." Nilikusudia kueleza ile ya kimeng'enya, ila namba ya gari ikanipotea. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa inajua jirani ana ini. Watu wakamletea ndizi na maji ya chupa. Keateka akapitisha daftari la mchango, mimi mwenyewe nikaandikishwa mia mbili. Mke wake akaacha kuimba, akampeleka kupimwa, wakalipa pesa nyingi, ini likaonekana halina neno. Sasa hanisalimii. Na mama watoto ameniambia niende nikaombe radhi, tena niende nikiwa nimeoga, maana huwezi kumwomba mtu radhi ukinukia waridi.

Nitaenda. Ila siwezi kwenda mikono ikitetemeka hivi, na kioo kinaniambia betri imebaki asilimia tano. Hiyo tano, ndugu yangu, ndiyo kidogo kweli. Stima imepotea tangu asubuhi upande wetu. Wewe huko kwako ipo? Niazime chaja basi, ile ya Taipu-C. La, simu yangu iko sawa.